Ukuta Usiofagiwa

Jumamosi ya gulio pale Mbinga, usiombe upite na haraka zako. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameruhusiwa, bei ikapanda, na wazee wa Litumbandyosi na Ukata wakashuka mjini kununua magodoro, mabati na redio. Anayenunua redio ya kaseti atataka kanda, na mwenye kanda Mbinga nzima alikuwa mmoja tu, Othmar. Kijana mrefu, suruali ya bwanga, shati la maua, maneno mengi kuliko kanda zake. Barazani kwake maspika mawili yalikuwa yakinguruma tangu asubuhi, na akina mama wa maharage walikuwa wamekwisha kuchoka kumtukana.

Basi siku hiyo, katikati ya gitaa la Kizaire, ikaingia sauti nyingine. Ilivuma, ikatetemeka, ikapanda juu ya gitaa kama nyuki aliyelewa. Othmar akafikiri spika imepasuka. Akatoka nje mbio.

"Nani anaharibu muziki wangu?"

"Wewe ndiye unayeharibu wa kwangu," akajibiwa.

Alikuwa msichana wa gauni la njano lenye mabega ya puto, khanga kiunoni, raba zilizokuwa nyeupe kabla ya kukutana na vumbi la barabara ya Mbamba Bay. Mkononi ameshika kibuyu cha shingo ndefu, na watu wameshamzunguka.

"Dada, hicho ni cha kunywea pombe au cha kupigia simu?"

"Cha kuamshia Wamatengo waliolala."

Loo, Wamatengo wenyewe, wenyeji wa Mbinga, wakacheka mpaka muuza ndizi akaangusha chane. Othmar, ambaye hajawahi kushindwa maneno na mtu, akakuna kichwa. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya hata padri alipomwomba: akazima maspika.

"Karibu ndani, dada. Tuone kama unaweza kuniamsha."

Msichana aliitwa Tadea, na hakuja kufanya utani. Alikuja kurekodi. Redio ya taifa ilikuwa imetangaza mashindano ya nyimbo za Afrika yatakayofanyika Dakar; kila nchi ipeleke wimbo mmoja tu, na nchi yetu ilikuwa inautafuta wa kwake. Mwenye wimbo apeleke kanda kwa afisa utamaduni wa wilaya. Kwao Mbamba Bay, kando ya ziwa, hapakuwa na pa kurekodia.

Othmar akafunga mlango, akatundika mablanketi ili kelele za gulio zisiingie. Tadea akasimama katikati ya chumba, akavua raba. Akaimba:

*Ziwa halina ukuta kwa mwenye kuimba,*
*wimbi nikilituma huku, ng'ambo wanaitika.*

Kisha akainua kibuyu mdomoni, akaimba ndani yake. Sauti ikatoka na ule mtetemo wake, ikawa kama watu wawili wanaimba, mmoja kijana na mmoja mzee. Alipomaliza, Othmar alikuwa bado amesimama, mkono juu ya mashine.

"Imetoka vizuri?"

"Naomba urudie, dada."

"Mashine imeharibika?"

"Mashine nzima. Fundi ndiye ameharibika. Nimesahau kubonyeza."

Tadea akamtazama, akataka kukasirika, akashindwa. Walirudia. Baadaye Othmar alinyoosha mkono akishike kile kibuyu, msichana akakiondoa upesi.

"Halishikwi ovyo hili. Ni lipenga la baba."

Akaeleza. Baba yake, Mzee Mansuetus, alikuwa kiongozi wa mganda kule ziwani. Mganda ni ngoma ya wanaume, na malipenga ni yao. Wanawake wana kioda yao. Lakini Mungu alimpa mzee yule mabinti watupu, na kifua kilipomwanza akamfundisha Tadea kupuliza. Watu walisema sana, mwisho wakazoea.

"Baba anasema pumzi yake yote imebaki humu ndani. Nataka aisikie redioni."

"Ataisikia."

"Unajuaje?"

"Isiposikika nitamletea redio na kelele nitapiga mwenyewe."

Hapo ndipo alipocheka vizuri, na hapo ndipo Othmar alipokwisha. Mimi nasema kweli tupu: kijana aliingia chumbani mzima akatoka mgonjwa.

Dukani kwake Othmar alikuwa na simu ya kulipia. Ofisi ya posta ya Mbamba Bay nayo ilikuwa na simu, na karani wake, Bwana Egidi, ambaye hakuona sababu ya kutoka nje watu wanapozungumza.

"Haloo, Mmatengo umeamka?"

"Nimeamka tangu Jumamosi ile, sijalala tena. Umekula nini leo, kipenzi?"

"Samaki, mbasa wa kuchoma. Mafuta yanachuruzika mpaka kiwikoni."

"Unanitesa. Huku tuna maharage."

"Shuka basi ziwani uoshe tumbo."

"Nikishuka mzee atanipokea?"

"Atakuuliza unajua kuogelea."

"Sijui."

"Sema unajifunza," sauti ya Bwana Egidi ikapenya kutoka mbali, na wote watatu wakaangua kicheko.

Siku moja simu ililia kabla duka halijafunguliwa. Othmar akaruka viroba vya mteja, akajigonga ugoko, akaipokea akiugulia.

"Othmar! Wimbo umepita! Umepita, mpenzi wangu, umepita!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na ugoko ukapona hapohapo. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kamati kutoka Dar es Salaam itazunguka kanda zote za nchi, isikilize nyimbo zilizopita, zirekodiwe upya, kisha irudi ichague wimbo wa kwenda Dakar. Shindano la kanda ya kusini lilikuwa lifanyike Songea, lakini ukumbi wa kule ulikuwa umeezuliwa paa kwa matengenezo. Kwa hiyo kamati inakuja Mbinga. Na fundi wa maspika na wa kurekodi ukumbini alikuwa nani kama si yeye?

Jamani, mji ulipata wazimu. Kamati ya nchi nzima kuja Mbinga! Bwana Afya alipita mtaa kwa mtaa: kila nyumba ipakwe chokaa, kila kona itolewe utando, atakayekutwa na uchafu atajibu. Chokaa ikaadimika madukani. Mifagio ya miti mirefu ikapita kwenye dari za nyumba ambazo hazijaguswa tangu zijengwe. Masista walisugua kanisa mpaka watakatifu wakang'aa. Maghala ya kahawa yalipigwa dawa. Othmar alipaka ukuta wa mbele wa duka lake chokaa nyeupe pee, akaandika kwa rangi nyekundu KARIBUNI WAGENI. Chumba chake cha nyuma hakukigusa. Nani ataingia huko?

Tadea alipanda kutoka ziwani siku moja kabla, akafikia kwa shangazi yake Lusia. Kwa kuwa nyumba ya shangazi ilikuwa imejaa wageni hadi jikoni, akaliacha lipenga kwa Othmar.

"Nakuachia roho yangu hiyo."

"Nitailinda kama mboni ya jicho."

Na hapo, ndugu zangu, mapenzi yakafanya kazi yake. Othmar alikaa akalitazama lile lipenga juu ya meza. Mji mzima unang'aa, na mpenzi wake apande jukwaani mbele ya watu wa Dar es Salaam na kibuyu cheusi kwa moshi? Pembeni palikuwa na kitundu, na juu ya kitundu pamebandikwa kitu cheupe chenye vumbi, kimezungukwa na nta kuukuu. Masikini, kumbe limepasuka, likaingia na utando! Akachukua wembe. Akakwangua. Akaosha kwa maji ya vuguvugu, akalipaka mafuta ya nazi, akalisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka akaiona sura yake. Mwisho akalifunga utepe mwekundu shingoni. Alifurahi, nawaambieni, alifurahi kuliko bwana harusi.

Kesho yake mchana ukumbi ulikuwa umefurika, watu wengine wamekaa madirishani. Othmar alikuwa nyuma ya jukwaa akimwekea sawa maikrofoni mwimbaji wa Songea, Walburga, mwanamke wa gauni la bluu la kumetameta na kicheko cha kufika barabarani. Alikuwa akicheka hivyo, mkono wake begani kwa Othmar, Tadea alipoingia na shangazi Lusia. Tadea alivaa gauni jeupe refu na mkanda wa shanga za rangi ya ziwa. Aliutazama ule mkono.

"Tadea, kipenzi! Fumba macho," Othmar akasema, akaleta lipenga. "Haya, fumbua."

Alifumbua. Uso ukabadilika, lakini si kama Othmar alivyotarajia. Aligeuza lipenga, akagusa kile kitundu. Akaliinua mdomoni. Fuuu. Pumzi tupu.

"Utando uko wapi?"

"Upi?"

"Hapa palikuwa na utando wa buibui."

"Aa, ile taka! Nimeikwangua yote, mama. Kwa wembe."

"Othmar," akasema polepole, "ile ndiyo sauti."

Kijana akainama kukitazama kile kitundu.

"Ile ni nyumba ya mayai ya buibui, ile nyeupe bapa inayobandikwa ukutani. Tunaiweka pale kwa nta, ndiyo inayotetemeka. Bila ile hiki ni kibuyu cha maji!" Machozi yakaanza. "Nilikwambia halishikwi. Nilikwambia! Au ndivyo mlivyopanga na huyo anayekushikashika mabega?"

"Tadea, mimi? Nakuapia..."

"Usiniapie. Baba amekaa kule hawezi hata kupanda kitanda bila kushikwa, anasubiri kusikia pumzi yake. Umeikwangua. Nenda kamtengenezee maikrofoni mwenzio."

Walburga akatazama huku, akatazama kule. "Mdogo wangu, mimi nina mume na watoto Songea," akasema, lakini Tadea alikuwa ameshajifunika uso kwa khanga ya shangazi Lusia.

Othmar hakusubiri. Akamshika Walburga mkono. "Dada yangu, wewe unaanza. Imba zote unazozijua. Imba hata za harusi. Nipe muda."

Akatoka mbio, suruali ya bwanga ikipepea.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama wa maharage. Hodi, hodi! "Mama, shikamoo, una buibui?"

"Marahaba. Buibui? Hapa? Mwanangu, nimefagia mpaka mgongo umevunjika. Nenda kamwambie aliyekutuma kwamba kwangu hakuna hata mmoja!"

Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu mzee alimvuta ndani kwa nguvu aone mwenyewe kuta nyeupe. Kumbe wote wanadhani ametumwa na Bwana Afya! Kadiri alivyobembeleza ndivyo walivyozidi kuapa. "Nitakushukuru, mama, hata kabuibui kamoja." "Toka, mtego huo siuingii!" Kanisani, sista alimwuliza kama ana homa. Ghalani dawa ilimtoa machozi. Mji wote ulikuwa mweupe, safi, hauna faida yoyote kwa mtu mwenye mapenzi.

Akaketi kwenye ngazi za duka lake, chini ya KARIBUNI WAGENI, akashika kichwa. Kutoka ukumbini akasikia Walburga ameingia kweli kwenye nyimbo za harusi, na watu wanapiga vigelegele. Akamkumbuka Tadea, miguu pekupeku kwenye sakafu yake ile Jumamosi, na mablanketi. Mablanketi aliyatoa wapi? Chumba cha nyuma. Chumba chake cha kapera, ambacho tangu ahamie hakijaonja ufagio.

"Mungu wangu!"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Othmar aliinama mpaka tumbo likagusa sakafu. Akasukuma redio mbovu, akasukuma viatu vya zamani, akapiga chafya mpaka macho yakamtoka. Na pale, kwenye ukuta wa nyuma ya kitanda, palikuwa na mji mzima wa buibui. Nyumba zao nyeupe zimebandikwa kila mahali, bapa, laini kama karatasi. Akachukua wembe uleule wa dhambi, akabandua moja, ya pili, ya tatu. Akaziweka ndani ya kiberiti, akachukua kipande cha mshumaa.

Alipoingia nyuma ya jukwaa nywele zilikuwa za kijivu kwa vumbi na utando unaning'inia sikioni. Mshereheshaji alikuwa ameshaita jina la Tadea, na Tadea alikuwa amesimama kwenda kusema hataimba. Othmar akapiga magoti mbele yake, akafungua kiberiti.

Tadea akatazama. "Umezitoa wapi? Mji mzima umepakwa chokaa."

"Chumbani kwangu. Chini ya kitanda."

"Unalala na hawa?"

"Miaka yote."

Alijaribu kubana midomo. Hakuweza. Kicheko kikatoka pamoja na machozi. "Mchafu wewe!"

"Mchafu wako. Washa mshumaa, mama, wanakungoja."

Shangazi Lusia akawasha. Tadea akadondosha nta, akatandaza utando juu ya kitundu kwa ncha ya kidole, akapuliza taratibu ukae. Akaimba ndani kidogo. Vuuuu. Ulivuma kuliko mwanzo. Wakatazamana, na Othmar akakimbilia mitambo yake.

Nitasema nini? Mliokuwepo mnajua. Sauti ya msichana ilianza peke yake, ukumbi ukanyamaza, halafu lipenga likamwitikia, na wazee wa ziwani waliokuwa wamekaa nyuma wakasimama kama walioitwa. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, wakaanza mganda palepale katikati ya viti. Wamatengo wakawafuata bila kujua hatua. Mjumbe mmoja wa kamati, mama wa miwani, aliacha kuandika akaanza kupiga makofi. Walburga alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele. Othmar nyuma ya mitambo alilia bila aibu, na safari hii alikuwa amebonyeza.

Kanda ya kusini ikawa yake. Lakini nchi ni kubwa, na kanda nyingine nazo zina waimbaji. Kamati ikarudi Dar es Salaam na nyimbo zake, na matokeo yakaahidiwa redioni Jumapili baada ya taarifa ya habari ya mchana.

Jumapili hiyo Othmar alishuka ziwani kwa lori, amebeba redio kubwa, maspika yake mawili na betri ya gari. Mzee Mansuetus alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha uvivu mbele ya nyumba, blanketi magotini, ziwa likimeremeta mbele yake hadi milima ya ng'ambo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyelikwangua lipenga langu?"

Othmar akaitua redio chini. "Ndiye mimi, baba. Nisamehe."

"Unajua kuogelea?"

"Najifunza, baba."

Bwana Egidi, aliyekuja na kiti chake cha posta, akakohoa na kutazama pembeni.

Watu wakajaa ufukweni, wavuvi wakaacha nyavu, mama mmoja akaja na dagaa wake, usipa, hajamaliza kuwaanika. Redio ikakoroma, ikaja sauti ya mtangazaji. Wakashukuru wafadhili. Wakasoma majina ya kamati. "Jamani si aseme!" mtu akapiga kelele. Tadea alikuwa amemshika Othmar mkono mbele ya baba yake, hajui kama amemshika, kucha zimemwingia. Mtangazaji akasema wimbo utakaoiwakilisha nchi yetu Dakar, akanyamaza; badala ya kutaja jina, akapiga kanda.

Vuuuu, likaimba lipenga.

Maspika yakalitupa juu ya maji. Ufukwe ulilipuka, vigelegele, makofi, watu wakaingia ziwani na nguo zao. Tadea hakukimbia popote. Alipiga magoti karibu na kiti cha baba yake. Mzee alikuwa ameinua mkono watu wanyamaze, nao wakanyamaza, akasikiliza mpaka mwisho, kifua kikipanda na kushuka pamoja na wimbo.

"Ndiyo pumzi yangu," akasema. Kisha akamgeukia Othmar. "Lakini utando huo si wa kwangu. Wa kwangu haukuwahi kuvuma hivi. Buibui wako wanakula nini?"

"Sijui, baba. Nadhani upweke."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena. "Basi wapunguzie," akasema.

Baadaye walitembea wawili mpaka kwenye mawe makubwa ya mwisho wa ufukwe. Raba za Tadea zilikuwa mkononi mwa Othmar.

"Utakwenda Dakar."

"Nitakwenda."

"Utaonana na watu wa nchi zote, wenye makoti."

"Nitaonana nao. Una wivu?"

"Sana. Tadea, nataka nilete mshenga kabla hujapanda ndege. Sitaki kukuzuia. Nataka tu uwe na pa kurudi."

Alichezea maji kwa kidole cha mguu. Othmar alihesabu kila wimbi kama hukumu.

"Nina sharti," akasema mwisho.

"Liseme."

"Ule ukuta wa nyuma ya kitanda."

"Nitaupaka chokaa kesho!"

"Wewe!" Akamrushia maji usoni. "Mtu hujifunzi? Ukiugusa ule ukuta, siolewi."

Huko Dakar alikuwa wa ngapi? Waulizeni wanaopenda namba. Mimi ninalolijua ni kwamba alirudi, na wiki moja kabla ya harusi shangazi Lusia aliingia chumba cha Othmar na wanawake wa jumuiya, ndoo za chokaa na mifagio ya miti mirefu, kumsafishia bibi harusi nyumba. Walipaka kuta tatu. Walipofika ya nne walimkuta bwana harusi mwenyewe amesimama, mgongo ukutani, mikono ameitanua kama kipa.

"Toka hapo, kijana, tufagie!"

"Shangazi," Othmar akasema, "nyumba yote ni yenu, fagieni hadi paa. Huu ukuta ni wa mke wangu."